Dada Alipoleta Furaha Karakanani

Baba yangu ni mtu wa kero, na sioni sababu ya kulizungukazunguka jambo hilo. Mtu mwingine akimsema vibaya mbele yangu tutashikana mashati, lakini kero ni kero, na mimi ndiye ninayeishi naye.

Ni fundi wa makochi. Tangu nipate akili namjua akiwa na misumari midogo pembeni mwa mdomo, anaongea nayo humohumo, anacheka nayo, anagomba nayo, na hajawahi kumeza hata mmoja. Vidole vyake vina gundi iliyokauka ambayo haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kazi alijifunza akiwa kijana kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akimpiga kwa rula, ndiyo maana mpaka leo hana rula na hataki kuiona. Anapima kwa shubiri na kwa makalio.

Hilo la makalio si utani. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi. Mimi nakaa dirishani na cherehani yangu, nashona vitambaa vya kuvalisha makochi. Baba anatawala katikati. Ng'ambo ya uchochoro, mlango ukitazamana na mlango wetu, kuna karakana ya seremala tunayemwita Mzee Randa, kwa sababu hata ukimkuta kwenye harusi atakuwa na maranda ya mbao kwenye nywele. Yeye hutengeneza fremu tupu. Baba huzifunga mikanda, akaweka springi, akaweka sponji, akavisha kitambaa. Kochi moja, mafundi wawili. Ungedhani watu wanaotegemeana namna hiyo angalau wangesalimiana.

Asubuhi yao ilikuwa hivi. Randa anavuka uchochoro na fremu begani, anaitua katikati ya chumba bila hodi. Baba anaacha chai yake, anaikalia fremu vilevile ilivyo, mbao kavu. Anafumba macho. Anaegemea kulia, anaegemea kushoto, kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Kisha anafumbua jicho moja.

"Mguu wa nyuma mfupi."

"Mguu wako wewe ndio mfupi," anajibu Randa.

"Umeupima kwa nini? Kwa ukucha?"

"Kwa rula. Kitu ambacho hujanunua tangu uzaliwe."

"Mteja akianguka nitamleta kwako."

"Mlete. Nitamwambia aliyelivalisha ni kipofu. Na umemeza dawa wewe? Hebu kameze dawa zako kwanza, ndipo uje kunitukana. Sitaki ufie hapa waseme nimekuua mimi."

Hapo Baba anainuka kwa hasira, anakwenda kwenye kabati la ukutani, anachukua kidonge chake cha presha na kukimeza mbele ya Randa kwa kishindo, kichwa nyuma, koo limetoka, kama anamkomesha mtu. "Nimemeza! Haya, niambie sasa, mguu huu ni mguu?" Na yanaanza upya. Mafundi wa uchochoro mzima walikuwa wakijua saa kwa kelele zile. Wateja wageni walikuwa wakisimama mlangoni na kuuliza kama warudi kesho.

Na fremu yenyewe haikuwa na kasoro. Siku moja wakiwa wamekwenda kunywa chai, kila mmoja kwake bila shaka, niliweka pimamaji juu ya fremu iliyokuwa imetukanwa asubuhi nzima. Kipovu kikakaa katikati, kimetulia, hakina habari. Sikumwambia Baba. Ningemwambia, angesema pimamaji ni la Randa. Wakishachoka kutukanana, Randa alikuwa akirudi kwake akipiga mluzi, na Baba akishika nyundo na kuimba puani mpaka mchana. Mimi nilibaki na kichwa kinachogonga na cherehani inayoruka nyuzi.

Mama aliwamudu. Aliwapelekea chai kila mmoja mlangoni kwake, akisema amezaa watoto wawili na wengine wawili amepewa wakiwa tayari na ndevu. Mama alituondokea kwa presha, ghafla, akikunja nguo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemkuta. Baada ya mazishi Baba alikaa karakanani bila kugusa kitu, nami nikarudi kuishi naye kwa sababu mtu alihitajika wa kumwambia ale. Asubuhi moja Randa akavuka na fremu, akaitua, akasubiri. Baba hakuinuka. Randa akajikohoza, akasema, "Mguu wa nyuma mfupi. Si useme?" Baba akasema kwa sauti ndogo, "Mfupi." Kisha akaweka uso kwenye mikono yake yenye gundi na kulia. Randa akasimama palepale akikwaruza mbao kwa ukucha mpaka Baba alipomaliza. Hawakulizungumza tena jambo hilo, na kesho yake matusi yakarudi yakiwa na nguvu zao zote.

Sasa tuje kwa Dada.

Dada yangu ni mtu wa ofisini. Anashughulikia wafanyakazi: likizo zao, ugomvi wao, nani anahama meza kwa sababu ya nani. Ofisi yao ikampeleka kwenye mafunzo ya sayansi ya furaha. Akaenda mtu, akarudi mhubiri. Alinipigia simu kuniambia nipumue. Nikamwambia napumua tangu nizaliwe. Akasema siyo hivyo, nipumue nikijua kwamba napumua. Nikakata simu, nikijua kwamba nakata.

Jumamosi iliyofuata akaja na mashine ya kupimia presha, akamfunga Baba mkono, akatazama namba zikipanda, akakunja uso.

"Baba, iko juu."

"Iko juu kwa sababu umenibana."

"Iko juu kwa sababu ya hasira. Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mtu akikasirika mwili hausahau haraka. Mishipa inabana, moyo unakimbia. Wewe unakasirika kila siku ya Mungu kabla hata hujamaliza chai."

"Mimi sikasiriki."

"Kelele zote zile?"

"Zile siyo kelele," Baba akasema, ameshangaa kweli. "Ni kazi."

Dada akaanza kumweleza. Kwamba furaha si bahati bali ni mazoea. Kwamba mtu akitafuta kila jioni mambo matatu mema ya siku hiyo, akayataja, akili inajifunza kuyaona. Kwamba maneno ya upole yanamtuliza anayeyasema na anayeambiwa. Sikuona ubaya ndani ya maneno hayo, na siuoni hata sasa. Kilichonichosha ni ile sauti yake, ya mtu anayemfundisha samaki kuogelea. Baba alikuwa ameshachukua misumari yake na kuitia mdomoni, na kwetu hiyo ni ishara kwamba kikao kimefungwa.

Hapo Dada akalia, wala hakuwa analia kwa ajili ya kutazamwa. Alikaa kwenye kiti cha mteja na mashine yake mapajani, akasema, "Nilimkuta Mama mimi. Peke yangu. Shati lako lilikuwa bado mkononi mwake. Sitaki kukukuta na wewe."

Baba akaitoa misumari, mmoja mmoja, akaiweka mezani.

"Haya," akasema. "Unataka nifanye nini?"

Alichotaka ni suluhu. Alivuka uchochoro akamwambia Mzee Randa kwamba akiendelea kumchokoza baba yetu atamuua, na Randa, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, akabaki ameshika randa yake kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akaletwa. Wakapeana mikono katikati ya uchochoro. Dada akapiga picha. Kwenye picha wanaonekana kama watu wawili wanaong'olewa meno kwa wakati mmoja.

Kesho yake asubuhi Randa akabisha hodi. Nilidhani ni mgeni.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu?"

"Nzuri tu, ndugu yangu. Za kwako?"

"Nashukuru. Nimekuletea fremu."

"Ahsante sana. Ni nzuri."

"Ahsante kushukuru."

Randa akasimama kidogo, akitazama ile fremu, akimtazama Baba. Baba hakuikalia. Atakaliaje, na kukalia ndiko kunakozaa maneno? Randa akaaga, akaondoka.

Sitasema uongo, nilifurahi. Baada ya miaka yote ile nilisikia sindano ya cherehani yangu ikiingia kitambaani na kutoka. Nilisikia ndege juu ya bati. Nilimpigia Dada kumwambia dawa yake imefanya kazi, na yeye akanijibu kwa sauti ya upole ya mafunzoni kwamba si dawa, ni mazoea.

Jioni alikuwa akipiga simu kusikiliza mambo matatu. Naweka simu mezani, sauti juu, Baba anaitazama kama inamdai.

"Chai ilikuwa ya moto," anasema.

"Vizuri sana, Baba. La pili?"

"Mvua haikunyesha."

"Na la tatu?"

Baba anaangaza macho chumbani, anatafuta. "Misumari."

"Misumari imefanya nini?"

"Ipo."

Kesho yake chai ilikuwa ya moto, mvua haikunyesha na misumari ilikuwepo. Keshokutwa vilevile. Siku mvua iliponyesha tukapata shida.

Wiki zikapita na nikaanza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Kwanza kuimba puani kuliisha. Nyundo ilipiga pa, ikanyamaza, ikapiga pa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Kisha Baba akaanza kuchelewa kuamka. Mkate ulibaki sahani nzima. Nikimuuliza anaumwa nini anasema haumwi, nikimuuliza ana nini anasema hana kitu, na majibu hayo mawili yananitia wazimu kuliko matusi yote ya Randa. Nilikuwa natamani anigombeze. Nilimwachia makusudi mkasi wake mzuri kwenye gundi. Akauokota, akaufuta, akaurudisha mahali pake. Usiku ule ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Halafu vitambaa vyangu vikakataa kuvaa. Nilikata kitambaa cha kochi la mwalimu mmoja kwa vipimo vilevile ninavyovitumia siku zote, nikashona, nikavuta. Upande wa kulia kikakaa, upande wa kushoto kikagoma. Nikafumua, nikashona tena. Nikajitukana. Mwisho nikachukua futi yangu na kupima fremu yenyewe. Upande mmoja ulikuwa mpana kuliko mwenzake, tena si kidogo.

"Baba, fremu imepinda."

"Nyamaza."

"Imepinda! Njoo uone."

"Nimeona." Akanisogelea, akashusha sauti, ingawa uchochoroni hakukuwa na mtu. "Na ile ya kabla yake ilikuwa na ubao uliolegea. Nimejazia sponji. Mzee wa watu amechoka, mikono yake imeisha. Unataka nikamwambie? Mimi? Baada ya kusema miguu yake mifupi maisha yangu yote, leo imekuwa mifupi kweli nikamsimange?"

Alirudi kujazia sponji, sponji yetu nzuri, ile tunayoificha kwa ajili ya wateja wakorofi.

Nikavuka mwenyewe kwenda kumwona Randa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi lake la kazi, randa imelala chali, hakuna maranda mapya sakafuni.

"Baba yako amesemaje kuhusu fremu ya mwalimu?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Amesema ni nzuri."

"Aliikalia?"

"Hapana, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja habari mbaya na imefika. "Mwanangu ananiita nikaishi kwake," akasema. "Ana chumba cha ziada. Mwisho wa mwezi nafunga." Nikamuuliza kama Baba anajua. Akasema atamwambia mwenyewe, kwa upole, kama tulivyokubaliana.

Nilirudi nikikokota miguu. Nilijua kitakachotokea. Randa akifunga, fremu zitatoka kwa mtu mwingine, mtu atakayezitupa mlangoni na kuondoka na pikipiki yake, na Baba atasema ahsante, na siku moja hataamka kabisa. Nilimpigia Dada. Nikamwambia aje na mashine yake, na aje akiwa tayari kusikia.

Akaja Jumamosi asubuhi. Akamfunga Baba mkono. Namba zikapanda, zikaipita ile ya mwanzo, zikaendelea kupanda. Dada akamfungua, akampumzisha, akamfunga tena. Vilevile.

"Haiwezekani," akasema. "Amani yote hii!" Kisha akanigeukia mimi, kama kawaida. "Unamwekea chumvi nyingi kwenye chakula?"

"Chumvi gani? Hali chakula!"

"Au hapumziki."

"Anapumzika mpaka naogopa. Kila asubuhi nasimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Akijua, asijue, mimi napenda apumue tu!"

Tungeendelea, maana na sisi ni watoto wa baba yetu, kama Dada asingefungua kabati la ukutani kutafuta glasi. Akatoa boksi la dawa. Akavuta pakiti. Vidonge vilikuwa vimekaa kwenye vitundu vyao, vyote, vinang'aa.

"Baba. Hujameza dawa?"

Baba akatazama dirishani. "Hakuna aliyeniuliza."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Kama mashine ingekuwa mkononi mwangu ingepasuka. "Mimi nimekuuliza jana! Na juzi! Nimekuuliza mpaka sauti imenikauka, ukanijibu ndiyo!"

"Wewe huulizi, wewe unabembeleza," akasema Baba. "Ukibembelezwa unasema ndiyo, yanaisha. Randa ndiye alikuwa anauliza. Nisipomeza mbele yake atasema naogopa kidonge. Nimpe faida hiyo?"

Dada akakaa. Nilimwona akiyapanga mambo kichwani, asubuhi moja baada ya nyingine: fremu, matusi, umemeza dawa wewe, kabati, kishindo. Alikuwa ameshika pakiti kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima, lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi nikashindwa kuyatoa.

Hapo ndipo hodi ilipobishwa.

Randa alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi na viatu vya kutokea. Hakuwa na maranda hata kidogo kichwani. Nywele zimechanwa. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Mkononi alikuwa na kiti, kiti kimoja cha mbao, fremu tupu, chenye mgongo uliochongwa vizuri na mikono ya kuegemea.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekuja kuaga. Mwezi umeisha, kijana ananichukua leo. Hiki nimekutengenezea wewe, siyo mteja. Utakivalisha mwenyewe upendavyo."

Baba akasimama. Misumari haikuwemo mdomoni, na bado hakuweza kuongea. Mwisho akasema, "Ahsante, ndugu yangu. Ni kizuri sana."

"Hujakikalia."

"Naona tu ni kizuri."

"Kalia."

Baba akakikalia. Kiti kikaenda kulia, tak. Baba akajishika, kikaenda kushoto, tak. Mguu wa nyuma ulikuwa mfupi kiasi kwamba kiti kilikuwa kinachungulia sakafu. Hata mpita njia angeona. Baba akajiweka sawa kwa kukaza miguu yake chini, jasho limemtoka kipajini.

"Kizuri," akasema.

"Kizuri?" Sauti ya Randa ilipasuka. "Kizuri! Mguu huo nimeukata mwenyewe jana kwa msumeno! Na fremu ya mwalimu nimeipanua upande mmoja kwa mikono yangu, na ya kabla yake nimeacha ubao unacheza! Kila siku nakuletea takataka, nasema leo atasema, leo lazima aseme, wewe ahsante ndugu yangu, ahsante ndugu yangu! Nikajua basi. Huitazami tena kazi yangu. Nikitengeneza, nisipotengeneza, kwako ni mamoja. Sasa nibaki hapa namtengenezea nani?"

Baba alikuwa bado amekaa, ameegemea upande mmoja.

"Makusudi?" akauliza.

"Makusudi!"

"Hukuwa umechoka mikono?"

"Nani amechoka mikono?"

Baba akainuka. Aliinuka taratibu, halafu sauti ikaja nyuma yake. "Nimelala macho wazi nikiwaza utakula nini wewe! Nimefunika upuuzi wako kwa sponji nzuri, sponji ya kwangu! Binti yangu amefumua kitambaa mara ngapi, amejitukana mwenyewe hapo dirishani! Nimekuonea huruma, mshenzi wewe!"

"Nani alikuomba huruma? Nilikuomba huruma au nilikuletea fremu?"

"Fremu? Hii ni fremu? Mguu kama kidole gumba!"

"Umeona! Umeona sasa! Wiki zote hizo macho yako ulikuwa umeyaweka wapi?"

Watu wakaanza kutokeza milangoni mwao. Muuza vioo akaja mpaka nje ya dirisha langu, anatabasamu, mikono nyuma, kama amekuja kutazama mpira. Mishipa ya shingo ya Baba ilikuwa imesimama, na Dada akamsogelea na mkono umenyooshwa. "Baba, tafadhali, presha..."

Randa akamgeukia Dada, akamwona na ile pakiti mkononi. Akaitazama. Akamtazama Baba. Akaielewa pakiti ile upesi kuliko sisi tulivyoielewa.

"Hujameza," akasema.

Baba akakitazama kile kiti.

"Unaogopa kidonge! Mzee mzima!"

Baba akamnyang'anya Dada ile pakiti, akatoa kidonge, akakimeza bila maji, kichwa nyuma, koo limetoka, kwa kishindo kilichosikika mpaka uchochoroni. "Nimemeza!" akanguruma. "Haya, kalete msumeno wako, uje unyooshe mguu huu mbele ya macho yangu!"

"Siurekebishi mpaka ununue rula!" Na huku akisema hivyo Randa alikuwa anafungua vifungo vya lile shati safi, akalivua, akalitundika kwenye msumari wetu na kubaki na fulana. Mtoto wake alipofika na gari alimkuta amepiga magoti sakafuni akibishana juu ya mguu wa kiti, akasubiri, akanywa chai, akaondoka peke yake.

Dada alikuwa amekaa kwenye kile kiti kibovu wakati huo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi, na kila alipofuta machozi kilikuwa kinasema tak. Sikujua kama analia au anacheka. "Kwenye mafunzo," akaniambia, "walisema watu wa karibu ndio msingi wa furaha. Walisisitiza sana." Akawatazama wale wazee. "Hawakusema kwamba wanapiga kelele hivi."

"Wangekuja kuniuliza mimi," nikamwambia, na nikamshika mkono. Mimi nilikuwa nimefurahi, na furaha hiyo ilikuwa imechanganyika na hamu ya kuwagonganisha vichwa wote watatu.

Alikaa mpaka alasiri, akampima tena Baba, akasema bado iko juu lakini dawa ameimeza, ameimeza, na akaondoka akiwa amemwachia Mzee Randa maelekezo ya vidonge kana kwamba Randa ndiye mgonjwa. Jioni simu ikalia. Mazoea ni mazoea. Nikaiweka mezani, sauti juu.

"Baba, mambo mema ya leo?"

Baba alikuwa anakula, tena anakula kweli, mkate kwa mikono miwili. "Randa ameniletea kiti kibovu," akasema.

"Na la pili?"

"Kibovu sana."

Dada akacheka kwenye simu, akasubiri. "Na la tatu?"

Baba akaacha kutafuna, akageuza sikio upande wa mlango. Ng'ambo ya uchochoro taa ilikuwa inawaka, na randa ilikuwa inakwenda na kurudi juu ya ubao.

"La tatu bado analiranda," akasema. "Nitaliona kesho asubuhi."

Nikainuka kwenda kutafuta pamba ya kuziba masikio.